Jiko la indaksheni linaleta E: usome namba, uchemshe maji, upime kwa mita au ubadilishe bodi?

Jiko la indaksheni likigoma na kuandika E na namba yake kwenye skrini, yaani alama ya kosa, majibu ya mtaani ni mawili, "sensa imekufa" au "bodi imeungua", na mara nyingi yanatolewa kabla hata skrubu moja haijafunguliwa. Sasa kwenye mfuko hayo majibu mawili hayafanani hata kidogo, maana sensa, yaani kipima joto cha ndani ya jiko, ni kitu kidogo kama punje ya mtama kwenye ncha ya waya mbili na bei yake haisogelei kabisa bei ya bodi, ile sahani ya saketi inayoendesha jiko zima, kwa hiyo ukikosea kuchagua unalipia kitu kikubwa wakati kilichokufa ni kidogo, au unabadilisha sensa mara tatu wakati tatizo liko kwingine. Nataka tuziweke njia za kujua tatizo pembeni kwa pembeni, tuone ipi inasema kweli, ipi inasema nusu, na uanze na ipi kutokana na ulichonacho hapo nyumbani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mimi niko upande wa mita, ile ya mkononi ya kupimia volti na omu, tena sio kupima mara moja, kupima mara mbili, sensa ikiwa baridi na sensa ikiwa moto.

Naongelea hasa haya majiko ya kuweka mezani ya sehemu moja ya kupikia, wati 1800 hadi 2000, ndo yamejaa majumbani. Na yataongezeka, Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya watu wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo suala la kuyatengeneza haya majiko badala ya kuyatupa ni suala letu sote kabisa.

Kabla ya kulinganisha ujue kwanza sensa ziko wapi, maana zipo mbili na watu huongea kama ni moja. Ya kwanza ipo katikati ya koili, yaani lile duara la waya linalopasha sufuria, imegusishwa chini ya kioo na imepakwa pesti nyeupe ya kupitisha joto, hiyo ndo inapima joto la sufuria kupitia kioo. Ya pili imebanwa kwenye lile bati nene la alumini lenye mapezi mbele ya feni, hiyo inalinda IGBT, yaani transista kubwa inayoendesha koili. Kila moja ina konekta yake kwenye bodi. Zote kwa kawaida ni themista za aina ambayo joto likipanda ukinzani unashuka, na hilo likae kichwani maana ndo msingi wa kila kitu huko mbele.

Kusoma ile E

Hii ni bure na kila mtu anaanza nayo, sawa kabisa, ila watengenezaji hawajakubaliana namba. E2 kwenye jiko lako inaweza kuwa sensa ya kioo alafu kwenye jiko la jirani E2 hiyo hiyo ni umeme mdogo, kwa hiyo maana ya namba itoke kwenye kijitabu cha modeli yako, sio cha jiko linalofanana nalo kwa sura. Namba ya modeli ipo kwenye stika ya chini.

Na hata ukipata maana sahihi bado E haijakwambia kwamba sensa imekufa. Chipu ya kwenye bodi haiioni sensa, inaona volti tu. Kuna volti 5 zinagawanywa kati ya sensa na resista moja (kipande chenye ukinzani usiobadilika) iliyo kwenye bodi, na chipu inasoma pale katikati. Waya wa sensa ukikatika, konekta ikishika kutu na mafuta ya jikoni, ile resista ikibadilika thamani, kapasita ndogo iliyo pembeni ikianza kuvujisha, chipu inaona volti zilizopotoka na inaandika E ile ile moja. Yaani E inakwambia mtaa, haikwambii nyumba.

Kitu chenye faida zaidi kuliko namba yenyewe ni muda ambao E inatokea, na hiki ndo watu hawakiangalii. Ikitokea sekunde ile ile unayowasha, wakati jiko limelala usiku kucha na ni la baridi, fikiria sensa imeshoti au saketi yake imekatika. Ikisubiri kama dakika moja hivi ndo itokee, hapo waya uliokatika unawezekana sana, kwa sababu sensa ya baridi ina ukinzani mkubwa na waya uliokatika unaonekana kama baridi kali kupita kiasi, sasa bodi nyingine zinavumilia kwanza jiko lipate moto ndo zilalamike. Ikitokea baada ya kupika maharage muda mrefu, usikimbilie sensa, hilo mara nyingi ni joto la kweli, feni imechoka au matundu ya hewa yamezibwa na vumbi, au mende wameweka makazi humo ndani maana wanapenda sana sehemu zenye joto.

Sufuria ya maji

Hii pia ni bure na haihitaji kufungua kitu, na mimi naiona iko juu ya kusoma E kwa sababu inakupa kipimo ambacho hakidanganyi. Chukua sufuria ya chuma yenye kitako kilichonyooka, tia maji nusu, washa. Maji ya pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, Nairobi kule juu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini popote ulipo maji yakishachemka hayapandi tena, kwa hiyo kioo kilicho chini yake hakiwezi kufika joto la kikaango cha mafuta. Sasa jiko likiandika kwamba sufuria imepata moto kupita kiasi wakati ndani kuna maji, hapo kuna usomaji wa uongo.

Wakati huo huo tega sikio kwenye feni. Feni inazunguka kwa nguvu na hewa ya moto inatoka pembeni? Basi upande wa IGBT uko sawa kwa kiasi na shaka inahamia kwenye sensa ya kioo au saketi yake. Feni imekaa kimya au inakwaruza? Basi safisha au badilisha feni kwanza kabla ya kufikiria kitu kingine, usije ukapima sensa nzima kabisa na kuishangaa.

Jiko linalozima mapema wakati wa kukaanga chapati lakini linachemsha maji vizuri, mara nyingi halina ugonjwa, limefika tu kikomo chake cha joto, au kikaango kimepinda kikawa kinagusa kioo katikati tu. Kinyume chake ndo cha kutisha, jiko ambalo mafuta yanaanza kutoa moshi na lenyewe halistuki. Hapo mara nyingi sensa imeachana na kioo, pesti imekauka ikapasuka, au mtu alifungua akarudisha vibaya, na sensa inapima hewa badala ya kioo. Hilo usilijaribu kwa makusudi na mafuta, ukishaliona mara moja inatosha, acha kulitumia mpaka lifunguliwe.

Upungufu wa maji ni kwamba yanakwambia usomaji ni wa uongo ila hayakwambii mwongo ni sensa au ni bodi. Kwa hilo lazima ufungue.

Mita

Hapa ndo nataka tukae. Kwanza usalama, na naomba usiruke hii sehemu. Toa plagi ukutani, sio kuzima swichi, toa. Ndani umeme wa volti 230 ukishageuzwa unakuwa kama volti 325 za moja kwa moja na kuna kapasita kubwa inazihifadhi, kwa hiyo subiri dakika kadhaa alafu weka mita kwenye volti za DC upime kwenye miguu ya hiyo kapasita mpaka uone zimeisha. Na kwenye haya majiko ya bei nafuu zile volti 5 za sensa kwa kawaida hazijatenganishwa na umeme wa ukutani, mtu akikwambia "ni volti 5 tu shika hata ikiwa imewashwa" usimsikilize, unaweza kufa.

Ukishafungua, chomoa konekta ya sensa kutoka kwenye bodi. Hili ni lazima, maana ukipima ikiwa imechomekwa unapima sensa pamoja na resista za bodi kwa mpigo na namba itatoka ya ajabu. Weka mita kwenye omu, kipimo cha 200K, gusisha waya moja kwenye kila pini.

Sasa swali ni utegemee kuona ngapi, na hapa ndo watu wanazitupa sensa nzima. Sensa nyingi za haya majiko ni za 100K, yaani omu laki moja, lakini laki moja hiyo ni kwenye nyuzi 25. Dar mchana wa nyuzi 30 sensa nzima kabisa ya aina iliyozoeleka yenye B ya 3950 (namba inayoonyesha ukinzani unabadilika kiasi gani joto likibadilika) inasoma kama elfu 80. Asubuhi ya baridi Nairobi au Mbeya, nyuzi 20, hiyo hiyo inasoma kama laki moja na elfu 25. Zote mbili ni nzima! Mtu wa Dar anaona 80 anasema imepungua, wa Mbeya anaona 125 anasema imepanda, na wote wawili wanaenda kununua nyingine ambayo ikifika nyumbani itasoma vile vile. Kwa hiyo kabla hujahukumu jua joto la chumba ulichokaa, na jiko liwe limepoa vizuri, kama limetoka kupika muda si mrefu namba itakuwa chini tu.

Kipimo cha pili ni cha moto. Kushika sensa kwa vidole kunasaidia sehemu za baridi, ila Dar vidole na hewa vinakaribiana joto kwa hiyo utaona inashuka kidogo tu kutoka 80 kwenda 70 hivi na hutajua kama ni yenyewe au ni mkono wako unatetemesha waya. Bora kikombe cha maji ya moto, ibane sensa kwenye ukuta wa nje wa kikombe kwa kitambaa kikavu, usiizamishe. Kwenye nyuzi 50 itegemee kama elfu 36, na kama ungeifikisha nyuzi 100 ingekuwa kama elfu 7. Hutapata namba hizo kamili na hazitakiwi kamili, unachotafuta ni mwendo, ishuke taratibu bila kuruka, alafu ukiondoa kikombe ipande taratibu irudi ilikotoka.

Ikisoma 1 upande wa kushoto wa skrini hata ukihamia kipimo kikubwa, imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imeshoti. Hizo ni rahisi, hata kipimo kimoja kingezikamata. Ngumu ni ile inayosoma elfu 80 safi kabisa ikiwa baridi, alafu ukiipa moto inarukaruka, 60, mara inapotea, mara 55. Hiyo ina ufa ndani au waya umekatika chini ya mpira na ukipata joto unaachana, na ndo inayoleta jiko la "leo linapika kesho halipiki". Mtu aliyepima mara moja tu ikiwa baridi ataapa sensa ni nzima, ataenda kwenye bodi, na jiko halitapona. Ndo maana nasema mara mbili. Na wakati unapima moto, tikisa waya karibu na konekta na karibu na kichwa cha sensa uone kama namba inastuka.

Ukitaka shahidi, pima na ile ya kwenye alumini. Mara nyingi zote mbili ni aina moja na zikiwa baridi zinasoma karibu sawa, zikitofautiana sana mojawapo ina neno. Ila sio kila jiko, mengine yanatumia ya 10K upande wa IGBT, kwa hiyo ukiona kumi na nyingine mia usiseme imekufa, ipe moto kwanza uone kama inatembea. Na kwenye majiko makubwa ya kujengewa unaweza kukuta sensa inasoma kama omu 1,100 hivi na ikipata moto inapanda badala ya kushuka, hiyo inaweza kuwa ya platinamu, ni kawaida yake.

Resista ya majaribio

Mafundi wengi wanaipenda hii: unachomoa sensa, unaweka resista ya kawaida ya 82K au 100K kwenye zile pini, unafunga, unawasha. E ikiondoka, tatizo ni sensa au waya wake. E ikibaki, tatizo ni bodi. Ni njia nzuri na inajibu swali ambalo mita haijibu, kwa sababu mita imeikagua sensa tu na haijui lolote kuhusu bodi.

Kwa hiyo nikizilinganisha hizi mbili, mita inaikagua sensa na resista inaikagua bodi, hazishindani. Mimi naanza na mita kwa sababu inafanyika jiko likiwa limekufa kabisa bila umeme, na resista inataka uwashe. Pia kuna bodi zenye akili kidogo, zinategemea joto libadilike baada ya kuwasha, sasa resista haibadiliki hata siku moja, kwa hiyo baada ya dakika chache zinaandika E na wewe unadhani bodi imekufa kumbe ndo inafanya kazi yake vizuri. Ukitumia resista angalia sekunde za mwanzo tu, na sufuria iwe na maji.

Na hapa lazima niseme kwa sauti: resista isiachwe humo ndani. Kuna majiko yanarudi kwa wenyewe "yamepona" kumbe yamewekewa resista, na jiko hilo haliwezi tena kujua kwamba mafuta yamezidi moto, litaendelea kusukuma wati 2000 mpaka mafuta yawake. Nyumba yenye watoto, jikoni kuna pazia, hapana jamani. Ukichukua jiko kwa fundi muombe akuonyeshe sensa aliyoweka.

Kubadilishana kushoto na kulia

Kama jiko lako lina sehemu mbili za kupikia una bahati, hii inazishinda zote kwa urahisi. Kwa majiko ambayo konekta za pande zote ni sawa na waya zinafika, chomoa plagi ukutani, subiri, hamishia sensa ya kushoto kwenye pini za kulia na ya kulia kwenye pini za kushoto, funga, jaribu kwa muda mfupi na maji. E ikihama upande pamoja na sensa, sensa ndo mgonjwa. E ikibaki pale pale, bodi ya upande huo. Alafu rudisha kila moja mahali pake kabla ya kupika, usisahau, maana ukipika hivo hivo kila upande utakuwa unapimiwa joto la mwenzake.

Bodi nzima

Hii iwe ya mwisho. Bodi zinazouzwa kama za jiko lolote zipo madukani na kuna wakati ndo jibu, hasa IGBT ikiwa imeungua, fyuzi imekatika na bodi ina alama nyeusi. Lakini kwa kosa la sensa peke yake, sioni sababu ya kuanzia hapo, na bodi mpya inatakiwa iendane na koili yako, ikikosea IGBT mpya nayo inaungua. Hata resista ikithibitisha kwamba tatizo liko kwenye bodi, bado fundi mzuri wa vifaa vya umeme ataanza na ile resista ndogo na ile kapasita iliyo nyuma ya konekta ya sensa, na konekta yenyewe aisafishe, kabla hajakwambia ununue bodi. Muulize tu, "umeikagua ile saketi ya sensa?" Jibu lake litakuonyesha unaongea na mtu wa aina gani.

Sasa wewe uchague ipi

Huna mita na huna mpango wa kufungua: angalia muda wa E, fanya ya maji, safisha matundu, badilisha sufuria. Hayo yakishindikana unaenda kwa fundi ukiwa na maelezo ya maana, "linaleta E dakika moja baada ya kuwasha likiwa baridi, feni inazunguka, hata na maji linaleta", na fundi akisikia hivyo hawezi kubahatisha kirahisi.

Una mita hata ile ya bei ya chini kabisa: baridi na moto, konekta ikiwa nje, imetosha. Sensa ikiwa mbovu badilisha sensa, ikiwa nzima funga jiko upeleke kwa fundi ukimwambia sensa ni nzima na umepimaje. Resista ya majaribio iachie mtu aliyezoea kufanya kazi karibu na umeme.

Kioo kikiwa na ufa, haijalishi sensa inasomaje, maji ya chumvi yakipenya yanafika kwenye koili, hilo jiko lisichomekwe tena mpaka kioo kibadilishwe, na mara nyingi bei ya kioo inakuelekeza kwenye jiko jipya.

Kwenye kununua sensa, nenda na ile mbovu mkononi iwe ni Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi, usiseme tu "nipe sensa ya jiko". Angalia vitu vinne: thamani yake, kwa nyingi ni 100K, B yake, nyingi 3950, urefu wa waya, na ile soksi inayofunika waya iwe ya kuhimili joto sio plastiki ya kawaida maana inakaa chini ya kioo cha moto kila siku. Nunua na pesti nyeupe ya joto hapo hapo, ile ya zamani ukishaitoa hairudi. Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji akupe mita uipime palepale kaunta, na kama duka lina joto la nyuzi 30 na sensa inasoma kama elfu 80, ibane na kwenye kikombe cha chai ya mtu uone ikishuka, alafu lipa.